Uliyeniomba jina la chai ya kupunguza tumbo, hii ni yako

Juzi usiku nimeshafunga ofisi ya cherehani, nimekaa zangu na simu, ikaingia meseji ya msomaji wa huku huku Dodoma, Nkuhungu. "Shikamoo dada, nimeona picha zako za zamani na za sasa, sendofu yangu ni baada ya wiki 3, naomba jina la ile chai uliyotumia, hela ipo." Nikaisoma mara mbili moyo unaniuma, maana hiyo meseji miaka 2 iliyopita ningeiandika mimi mwenyewe na hela ningetuma usiku ule ule.

Marahaba mdogo wangu. Chai nilikunywa kweli, ila sio iliyonipunguza, na ngoja nikuelezee.

Mimi ni fundi nguo, kazi yangu ni kupima watu. Tumbo, kiuno, nyonga, nakuangalia tu unaingia mlangoni nakadiria inchi zako na sikosei sana. Ila mwili wangu sikuwahi kuupima, nguo zangu nilikuwa nakata madera tu, dera halina kiuno. Sa siku tunashona sare za kwaya nikampa futi binti anayejifunza kwangu anipime. Akaizungusha, haikukaa vizuri, akaizungusha tena, alafu akanyamaza. Akaandika kwenye daftari bila kuitamka, namba ndogooo pembeni ya ukurasa. Kiuno, inchi 44. Wateja wengine wote siku ile alikuwa anazitamka namba zao kwa sauti. Huo ukimya wake ndio ulionichoma kuliko maneno yote niliyowahi kuambiwa na mawifi.

Mwezi ule ule nikaenda kupima presha, 158 kwa 96. Kilo 97 na urefu wangu ni sentimita 158, yaani uwiano wa uzito na urefu unakuja karibu 39 wakati ukifika 30 tu tayari unahesabiwa una unene uliopitiliza. Muuguzi akaniambia "mama punguza kula", akaita mwingine. Basi. Nimetoka pale nikakaa chini ya mwarobaini najiuliza nipunguze nini, maana kwa akili yangu nilikuwa sili sana! Asubuhi chai na chapati 2, mchana ugali, jioni soda moja kutuliza joto la cherehani, usiku wali kidogo. Mpaka leo nina kinyongo na ile sentensi. Kama hujui kinachokunenepesha ni kipi, unaambiwa punguza kula unaenda kuacha kula mchana alafu usiku unafidia sufuria nzima.

Ndio nikaangukia kwenye chai. Nimeinunua elfu 45 kwa dada mmoja wa kwenye grupu la WhatsApp. Siku 10 za kwanza nilikuwa nashinda chooni, mizani ikashuka kilo 4, nikapiga picha nikaweka status, watu wakanipongeza. Siku ya 11 kizunguzungu kimenikuta mguu uko kwenye pedali, sindano ikapita kwenye kidole cha shahada mpaka upande wa pili. Kovu ninalo. Baadae nikaja kuelimishwa kwamba chai nyingi za namna hiyo zina sanamaki, na sanamaki ni dawa ya kuharisha, inatoa maji na choo, mafuta ya mwili yapo pale pale yanakusubiri. Nilivyoacha zile kilo 4 zilirudi zikaja na wenzake 2.

Kilichonibadilisha ni somo. Kikoba chetu kilimualika afisa lishe, binti mdogo tu, anatuita mama mama kwa heshima. Tulikaa chini ya turubai, wengi tumekuja kwa ajili ya marejesho sio lishe, nasema ukweli. Akatoa chupa ya soda ya mililita 350, glasi tupu na pakti ya sukari, akaanza kumimina kijiko cha chai kimoja kimoja huku sisi tunahesabu kwa sauti. Moja, mbili... tumefika 9 glasi ina kilima cheupe. Akasema hii ndio iko humu. Alafu akatuambia Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza ikiwezekana isizidi gramu 25 kwa siku, yaani kama vijiko 6 hivi. Nikapiga hesabu yangu kichwani, vikombe 3 vya chai vijiko vitatu vitatu, jumlisha soda, nilikuwa nakula vijiko 18 kila siku ya Mungu na najiita mtu nisiyekula.

Akaja kwenye mafuta. Sisi watu wa Dodoma na Singida tunajivunia alizeti yetu na tunaamini ni mepesi hayanenepeshi. Sio kweli, mafuta yote kijiko kimoja kikubwa cha kula kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, ya mawese, yoyote. Lita moja inapita kalori elfu 8. Mimi na baba watoto na watoto 3 tulikuwa tunamaliza lita ndani ya siku 4! Siku hizi simimini kutoka kwenye chupa, nachota kwa kijiko, mboga ya watu watano vijiko 2, na mchicha unaiva vizuri tu.

Sahani nayo ni nusu mboga za majani, robo maharage au samaki au kuku, robo inayobaki ndio ugali au wali, ugali usizidi ngumi yako. Na hapa niwaseme wenzangu kidogo, kuna watu wamesikia ugali wa uwele na wa dona ni mzuri basi wanakata mlima. Ni mzuri kwa sababu una nyuzinyuzi unakaa tumboni muda mrefu, ila wanga ni wanga. Mlenda kuleni jamani, ule wa kuchemsha, ila sio umemwagiwa karanga kopo zima. Zabibu zikiwa za msimu kula zenyewe kiganja kimoja, ukizisaga ukachuja juisi umebakiza sukari.

Mazoezi. Mwaka 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais ilitangazwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, mimi nikanunua raba na traksuti, nikaenda mara moja, magoti yakaniuma wiki nzima nikaziweka juu ya kabati. Kosa langu nilikwenda kukimbia na watu wa kilo 60. Mwili wa kilo 97 hauanzi kwa kuruka kamba, unaanza kwa kutembea. Safari hii nilianza na dakika 10, saa 12 asubuhi, natoka Chang'ombe naelekea Uwanja wa Jamhuri, nikichoka narudi. Mwezi wa 6 na wa 7 ile baridi ya Dodoma na upepo wa vumbi nilikuwa najifunga kanga kichwani macho tu ndio yanaonekana. Kijiwe cha bodaboda walikuwa wananiambia "bi mkubwa panda tukupeleke, lami itabonyea." Nimelia njiani siku mbili tofauti. Siku ya tatu nimepita njia ile ile.

Taratibu nikafika dakika 30 siku 5 za wiki, ndio 150 zinazoshauriwa kwa mtu mzima, kasi yake ni ile ambayo unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Siku 2 naongeza nguvu, nakaa na kusimama kwenye kiti mara 10 bila kushika, nasukuma ukuta, napumzika, narudia. Jim sijawahi kuingia. Miezi ya katikati sina cha kusimulia, ni yale yale kila siku, kuna mwezi mzima mizani haikusogea hata nusu kilo.

Ila kitu ambacho afisa lishe hakutuambia ni maneno ya watu. Nilivyofika kilo 85 mtaani ikaanza, "mbona kaisha hivyo, kapima kweli?" Mnaelewa wanachomaanisha. Wifi yangu kanipigia kutoka Kondoa anauliza eti kaka yake haniachii hela ya kula. Hata baba watoto mwenyewe, ambaye namshukuru sana kwa mengi, aliniambia mke wangu acha hiyo dayati watu wataona nimeshindwa kukutunza. Nikamshika mkono nikamuonyesha kile cheti cha presha, nikamuuliza, hii namba nayo ni matunzo? Hakujibu. Kesho yake alikunywa chai bila sukari, hakusema kitu, nikamuona tu.

Wanawake wenzangu, tunawapikia wote, tunamalizia makombo ya watoto ili yasitupwe, tunakula saa 4 usiku tumechoka, alafu tukinenepa tunaitwa wavivu na tukipungua tunaitwa wagonjwa. Usisubiri mtaa ukubali. Na kama una presha au sukari usianze lolote bila kumwambia daktari wako, na dawa usiziache kwa sababu umejisikia mwepesi, mimi za kwangu bado nameza na anayeamua ni daktari.

Leo nina kilo 79. Imenichukua miezi 14. Kwa hesabu za kitaalamu bado niko kwenye 31 na kitu, sijatoka kundini, lakini presha ya mwisho ilikuwa 132 kwa 84, na hata kabla hujafika unakotaka, ukipunguza kilo 5 mpaka 10 kwa mwili kama ule wangu presha na sukari vinaanza kukaa vizuri. Wiki iliyopita yule binti kanipima tena. Safari hii kaitamka, "thelathini na sita!", kwa sauti mpaka mteja aliyekuwa nje kageuka. Nataka nishuke chini ya 35, maana kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 88, yaani kama inchi 35 hivi, hatari ya moyo na kisukari inakuwa kubwa.

Kwahiyo mdogo wangu, jina la chai sikupi. Wiki 3 zinatosha kuacha soda, kuanza dakika zako 10 na kujua vipimo vyako, hazitoshi kubadilisha mwili na usiingie ukumbini umeishiwa maji. Kitambaa lete Jumatatu, tunashona kwa mwili ulionao leo, utapendeza. Ukishapungua huko mbele rudi nalo, kubana gauni ni kazi ya nusu saa na hiyo sitakutoza.