Je, Kazi Inayofutwa na Maji ni Sanaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanafunzi wangu alipanga simbi na mwani mchangani wakati maji yamekupwa, akatengeneza duara moja ndani ya jingine. Maji yalipojaa, hakikubaki kitu. Mwalimu mwenzangu anasema kisichohifadhika si sanaa, na hakistahili alama. Nani yuko sahihi?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, mimi niko upande wa mwanafunzi wako. Sanaa hupimwa kwa fikra na ustadi ulioongoza mkono. Umri wa kazi ni jambo jingine. Hapo kwenu pwani, majani ya mhina hukaushwa, yakatwangwa, yakachekechwa na kukorogwa kwa maji ya ndimu, kisha mchoraji akamkalia bibi harusi kwa saa nyingi, akivuta ua kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole bila kutetereka. Baada ya wiki chache ua limefifia lote, na sijapata kumsikia mtu akimnyima mchoraji huyo heshima ya usanii kwa sababu hiyo.

Tena ipo kazi ambayo kutoweka kwake ndiko kunakoikamilisha. Mwezi Juni mwaka 2000, Andy Goldsworthy, msanii wa Uingereza, aliweka mabonge 13 makubwa ya theluji katika mitaa ya London, huku ndani yake amefumbata vitu kama shayiri na manyoya ya kondoo, na kadiri theluji ilivyoyeyuka ndivyo vilivyojitokeza mbele ya wapita njia. Theluji hiyo ingehifadhiwa isiyeyuke, hakuna ambaye angeona alichokusudia.

Hata hivyo, simbi zilizokusanywa na mawimbi peke yake siziiti sanaa, hata zikipendeza namna gani, kwa kuwa hakuna aliyezichagua. Kuhusu ushahidi wa kusahihishia, picha inatosha: mwaka 1967 Richard Long, akiwa bado mwanafunzi wa sanaa, alitembea akienda na kurudi kwenye majani mpaka ukatokea mstari, akaupiga picha, na leo picha hiyo imo katika hifadhi ya Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza.

Kwa hiyo usimpe alama wala kumnyima kwa kusimuliwa. Mwombe apange tena, ukae naye mpaka maji yajae, utazame duara la nje linaanza kuliwa upande gani, kisha umuulize kama alilipanga hivyo kwa kukusudia.