Shingo kwanza, chupa baadaye: maswali yenu kuhusu vifungashio vya vipodozi

Maswali mengi niliyopokea safari hii yametoka kwa wanaoanzisha chapa za vipodozi, na karibu yote yanagusa jambo moja: kutumia vifungashio vichache vinavyoingiliana badala ya kununua chupa mpya kwa kila bidhaa.

Dada, naanza na losheni, tona na mafuta ya nywele. Kila moja nimeitafutia chupa nzuri kwa muuzaji wake. Rafiki yangu anasema nirudi nyuma, nitafute vifungashio vya moduli. Ndiyo vitu gani, na vina faida gani?

Mdogo wangu, rafiki yako ana hoja. Vifungashio vya moduli ni familia ya vipande vinavyokubaliana: chupa za ujazo tofauti zenye shingo ya aina moja, pamoja na pampu, vinyunyizio na vifuniko vinavyoingia kwenye shingo hiyo. Ukichukua chupa za mililita 50, 100 na 200, zote za shingo ya 24/410 (namba za kipimo cha shingo, nazieleza hapo chini), pampu ya losheni inakaa juu ya yoyote kati yake. Kinyunyizio cha tona vilevile, na kifuniko cha mafuta vilevile. Chupa tatu na vifuniko vitatu vinakupa michanganyiko tisa.

Faida yake utaiona siku bidhaa moja itakapododa. Viwanda huweka kiwango cha chini cha kuagiza, na kwa chupa iliyokwisha kuchapwa nembo kiwango hicho mara nyingi ni maelfu. Tona ikikataa kuuzika, chupa zake tupu zisizochapwa zinaweza kubeba losheni inayokimbia sokoni. Ukiwa na chupa za wauzaji watatu zisizoelewana, mtaji wako unalala stoo.

Angalia mrija lakini. Shingo zinaweza kufanana na urefu wa chupa usifanane, na mrija wa pampu hukatwa kufuata urefu wa chupa. Ukiwa mfupi, losheni inabaki chini na mteja anakasirika. Ukizidi urefu, unajikunja. Agiza pampu zenye mrija wa kutosha chupa yako ndefu kuliko zote, kisha uukate kwa chupa fupi, ncha iwe ya mshazari ili isizibwe na kitako cha chupa.

Nilinunua chupa za 24 na vifuniko vya 24. Vinajifunga vizuri ila mafuta yanavuja. Muuzaji wa vifuniko anasema mzigo wake hauna kasoro.

Huenda anasema kweli. Kifuniko kizima na chupa nzima vinaweza kabisa kukataana. Kwenye jina kama 24/410, namba ya kwanza ni kipenyo cha shingo kwa milimita, na ya pili inataja mtindo wa hesi, yaani ile mistari ya kuzungushia kifuniko. Kwenye 400 hesi huzunguka shingo mara moja, kwenye 410 mara moja na nusu, kwenye 415 mara mbili, na shingo ya 415 ni ndefu kuliko hizo nyingine. Ukisema "24" peke yake umetaja nusu ya jina.

Chukua kifuniko cha 24/415 ukifunge kwenye chupa ya 24/410. Kinashika hesi, kinazunguka kwa ulaini, kisha kinagota, na mkono unaamini kazi imekwisha. Sasa kilete karibu na macho: ukingo wake wa chini umegonga bega la chupa, na kile kiduara laini cha ndani kinachopaswa kukandamiza mdomo wa chupa bado kinaelea juu yake. Hapo ndipo mafuta yanapopita. Hata ukaze kwa nguvu zako zote hutaiziba nafasi hiyo, utapasua kifuniko tu.

Waombe wauzaji wote wawili mchoro wenye vipimo, ulinganishe urefu wa shingo pamoja na kipenyo. Halafu fanya jaribio kabla ya kulipia mzigo wowote. Jaza sampuli kwa bidhaa yako yenyewe, si maji, kwa sababu mafuta hupenya mahali ambapo maji hayapiti. Pima uzito. Laza chupa kadhaa ubavu juu ya karatasi nyeupe, nyingine zipindue kichwa chini, ziache usiku kucha, kisha pima tena. Doa kwenye karatasi halihitaji mtaalamu wa kulisoma.

Naweza kutumia chupa ileile ya plastiki angavu kwa bidhaa zote, ikiwemo seramu ya vitamini C?

Hapana, na hapa ndipo moduli huwaponza wengi. Shingo kufanana hakumaanishi kila kimiminika kitaishi salama ndani ya kila chupa. Asidi askobiki, ambayo ndiyo vitamini C yenyewe, huharibika ikikutana na hewa na mwanga. Seramu hugeuka njano, kisha kahawia. Retinoli nayo haipendi mwanga. Bidhaa za namna hiyo zinataka chupa isiyopitisha mwanga, na bora zaidi iwe ile isiyoingiza hewa, ambayo mahali pa mrija ina pistoni inayopanda kutoka chini kila mteja anapobonyeza. Mafuta ya machungwa na ya limau nayo hushambulia polistairini, aina mojawapo ya plastiki.

Kwa hiyo kila mchanganyiko wa fomula na chombo ujaribiwe peke yake. Utaratibu uliozoeleka ni kuweka sampuli kwenye nyuzi 40 za selsiasi kwa miezi 3, nyingine kwenye joto la kawaida, ukifuatilia rangi, harufu, uzito na kama pampu bado inatoa. Ukihama kutoka plastiki ya PET kwenda plastiki ya HDPE, hata kama shingo ni ileile, anza jaribio upya. Najua miezi hiyo ni mirefu kwa mtu mwenye hamu ya kuuza, lakini losheni iliyoharibika mkononi mwa mteja haisameheki.

Kama wote tunanunua chupa zilezile, chapa yangu itajulikanaje? Nitengeneze kalibu yangu?

Kalibu, yaani umbo la kiwandani la kutengenezea chupa yako mwenyewe, bado. Ni gharama ya maelfu ya dola, na inakufunga kwenye umbo moja kabla hujajua wateja wanapenda nini. Utambulisho uweke kwenye lebo, kwenye mpangilio wa maandishi na kwenye rangi moja unayoirudia bila kuchoka. Chagua lebo ya plastiki kuliko ya karatasi, kwa kuwa bafuni kuna maji na vidole vyenye mafuta. Ukitaka kifuniko cheusi, uliza kama rangi hiyo imetokana na masizi ya kaboni, maana mashine nyingi za kuchambua taka kwa miale ya infraredi haziioni plastiki ya namna hiyo.

Nafikiria kuuza krimu ya kujaza upya. Nitumie pakiti au kikombe cha ndani?

Kwa krimu ya uso, kikombe cha ndani kilichofungwa kiwandani. Mteja akimimina krimu mpya juu ya mabaki ya zamani anachanganya vijidudu na bidhaa safi, na vihifadhi ulivyoweka vina kikomo. Pakiti ziache kwa sabuni ya maji na shampuu.

Namba ya bechi na muda wa matumizi viandike kwenye kikombe chenyewe. Kanuni ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya, namba 1223/2009, inazitaka taarifa hizo, na ukiziacha kwenye kopo la nje peke yake, kufikia ujazo wa pili zitakuwa zinaongelea krimu iliyokwisha kuisha. Pia kopo la nje lisiwe zito kupita kiasi. Mteja asiporudi kununua ujazo mwingine, utakuwa umemwongezea taka tu.

Paleti za sumaku za rangi za kope zinafaa kwa anayeanza?

Zinafaa sana. Tumia visahani vya rangi vya milimita 26, saizi iliyoenea, ili mteja aweze kuviingiza hata kwenye paleti aliyonayo. Hakikisha tu kisahani ni cha chuma kinachoshika sumaku. Vya alumini havishiki mpaka vibandikwe kipande cha chuma nyuma.