Mama wanajikuna, watoto wananata: nguruwe wangu wana nini?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina nguruwe majike watatu. Mwezi mzima sasa wanajisugua ukutani mpaka wanachubuka, na masikioni wana magamba. Mmoja wao ananyonyesha watoto wa wiki tatu. Hao hawajikuni, ila ngozi imekuwa ya kahawia na inanata kama wamemwagiwa mafuta. Wawili wameshakufa. Jirani ananishauri niwapake wote oili chafu. Niwapake? Halafu mke wangu, ambaye ndiye anayewalisha, mikono inamuwasha. (Mfugaji, Mbozi, Songwe)

JIBU: Salama, na pole kwa hao wawili. Oili chafu iache. Najua huko vijijini kopo lake halikosekani bandani, na wapo watakaokuapia kwamba iliwaponya. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imebeba masizi na mabaki ya vyuma, inaunguza ngozi iliyochubuka, na nguruwe hulambana. Ukimpaka mtoto wa wiki tatu ambaye ngozi yake imeshaharibika, unammalizia.

Kwa maelezo yako, banda lako lina magonjwa mawili, na kinachoyatofautisha umekiandika mwenyewe: wakubwa wanajikuna, watoto hawajikuni.

Wakubwa nadhani wana upele wa utitiri. Ni wadudu wadogo mno wanaochimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo, na makao yao makuu ni ndani ya sikio. Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Kwangua magamba ya ndani ya sikio kwa ncha ya kijiko, yaweke kwenye karatasi nyeusi, uiache penye joto la jua kama robo saa. Kisha puliza taratibu. Magamba yatapeperuka, na vinukta vyeupe vitakavyong'ang'ania karatasi na kutambaa ndio wenyewe. Kama una lenzi, utawaona vizuri zaidi.

Dawa yake ni sindano ya ivermektini ya asilimia 1, mililita 1 kwa kila kilo 33, chini ya ngozi nyuma ya sikio. Kosa ninalolikuta kila mara ni uzito wa kukisia kwa macho. Chukua futi ya fundi cherehani: pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Mzunguko uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa urefu, halafu zidisha kwa 69.3. Jike mwenye kifua cha mita 1.1 na urefu wa mita 1.2 anakaribia kilo 100, basi huyo ni mililita 3.

Wachome sindano nguruwe wote siku moja, pamoja na dume na wale wasiojikuna, na urudie baada ya siku 14, kwa sababu dawa haiui mayai. Ukimruka mmoja, atawaambukiza wote upya. Magamba mazito ya masikioni yalainishe kwa maji ya sabuni uyatoe, na matandiko ya banda yaondoe yote siku hiyo hiyo. Soma pia lebo kuhusu siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Nyingi huandika 28, kwa hiyo mwenye kitimoto akija kabla ya hapo, mwambie arudi baadaye.

Sasa watoto, ambao ndio wa haraka. Huo ni ugonjwa wa ngozi ya mafuta, unaoletwa na bakteria aitwaye Staphylococcus hyicus. Anaishi kwenye ngozi ya mama bila kumdhuru, akisubiri mlango. Mlango ni jeraha: meno ya wenzao wanapogombea chuchu, sakafu ya saruji inayokwaruza, au michubuko ya upele. Ndiyo maana ukiwatibu watoto ukawaacha mama zao, uzao ujao utakuletea kesi ile ile. Sumu ya bakteria huyo inabandua ngozi, maji ya mwili yanavuja, na mtoto anakufa kwa kukaukiwa.

Wape maji safi muda wote, waogeshe kwa povidoni ya ayodini iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu, wakaushe na uwaweke penye joto. Antibayotiki achague daktari wa mifugo wa hapo kwenu, maana kwa bakteria huyu penisilini peke yake mara nyingi haifui dafu. Mwite leo. Aliyeanza kunata jana anaokoka, lakini aliyekwisha kuwa mweusi mwili mzima ni vigumu.

Kabla ya sindano yoyote, ingiza kipimajoto njia ya haja kubwa. Nguruwe mkubwa mwenye afya huwa karibu nyuzi 39, na upele haupandishi homa. Ukikuta 41, na mgongoni kuna mabaka mekundu yaliyoinuka yenye umbo la uru ya karata, hiyo ni erisipela. Penisilini inaitibu vizuri, ila vaa glovu, kwani huingia kwa binadamu kupitia kidonda cha mkono. Ukikuta homa na masikio au tumbo vimekuwa vyekundu au zambarau, na vifo vya ghafla, fikiria homa ya nguruwe ya Afrika. Hiyo haina tiba. Usichinje, usiuze, usimhamishe hata mmoja. Funga banda na umpigie afisa mifugo.

Mama wa nyumbani asiogope. Utitiri wa nguruwe huweza kumuwasha mtu anayewashika, lakini hauzaliani kwenye ngozi ya binadamu, na muwasho huisha wenyewe nguruwe wakishapona. Kwa sasa anawe kwa sabuni kila akitoka bandani, na nguo za kulishia zisiingie ndani. Kama wiki chache baada ya sindano ya pili bado anajikuna, hasa usiku na katikati ya vidole, aende zahanati, maana huo utakuwa upele wa watu na nguruwe hawahusiki.