Kivimbe begani mwa paka: nikikamue au nimpeleke kwa daktari?

SWALI

Daktari, shikamoo. Niko Tanga. Nina paka jike anaitwa Bafta, mweupe mwili mzima isipokuwa mkia, umri wake kama miaka saba. Miezi minne iliyopita nikiwa nampapasa nilikuta kivimbe juu ya bega la kushoto, kidogo kama kunde. Sasa kimekuwa kama punje kubwa ya karanga. Kinateleza chini ya vidole, hakimuumi, anakula na kucheza kama kawaida. Juzi kilipasuka kidogo kikatoa uchafu mzito wa kijivu, mfano wa ugali uliolowa, una harufu. Jirani anasema nikikamue mpaka kiishe, nipake spiriti, nimpe na robo ya Panadol kwa maumivu. Mwingine anasema hiyo ni saratani iliyoletwa na chanjo ya kichaa cha mbwa aliyochomwa mwaka jana. Daktari wa mifugo wa huku kwetu ni wa ng'ombe na kuku, naona haya kumpelekea paka mwenye kipele. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba. Kwanza kabisa, Panadol usimpe hata chembe. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamo kama letu. Sumu hubaki mwilini, huharibu chembe nyekundu za damu hadi zinashindwa kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka kahawia au kibuluu, uso na nyayo huvimba, pumzi inakuwa ya shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, na hiyo robo aliyokutajia jirani inaweza kumtia hatarini. Kama umeshampa, acha kusoma hapa, mpeleke kwa daktari sasa hivi na umwambie ulimpa kiasi gani na saa ngapi. Dawa nyingine za maumivu za binadamu, kama ibuprofeni na aspirini, nazo usimpe kwa kubahatisha.

Sasa tuje kwenye kivimbe. Uliyoyaeleza, yaani kukua polepole, kuteleza chini ya ngozi, kutouma, na kutoa uchafu mzito wa kijivu, ndizo tabia za kile ambacho hospitalini huitwa sisti, nami nitakiita kifuko. Ngozi ya paka, kama yetu, kila siku humwaga tabaka la juu lililokufa. Kila unywele umeota ndani ya kishimo chake, na kishimo hicho nacho kina ngozi. Kikiziba, labda kwa jeraha la zamani au bila sababu inayoonekana, ngozi iliyokufa hukosa pa kutokea. Inajikusanya ndani, ukuta wa kishimo unatanuka, na baada ya miezi unapata kifuko kilichojaa uji mzito. Ule mfano wako wa ugali uliolowa ndio wenyewe. Si usaha, na mara nyingi hakuna wadudu wowote wa maradhi ndani yake.

Hapo ndipo unapoona kwa nini kukamua hakusaidii. Ukikamua, uji unatoka lakini ukuta unabaki, na ukuta ndio unaotengeneza uji. Wiki chache baadaye kimejaa tena. Ubaya zaidi ni pale ukuta unapopasukia ndani badala ya nje. Uji ukimwagika chini ya ngozi, mwili unauchukulia kama mwiba au kipande cha kijiti, unaushambulia. Kivimbe ambacho hakikuwa kikimuuma kinageuka chekundu, cha moto, kinauma, na bakteria wakishapata njia ya kuingilia unakuwa na jipu juu ya kifuko. Tafadhali usikikamue.

Lakini sijakwambia kwamba kivimbe cha Bafta ni kifuko. Nimesema kinafanana nacho. Tofauti ya maneno hayo mawili nilijifunza kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, mama mmoja aliniletea paka wake akiwa na kivimbe ubavuni, laini, kinachoteleza, hakiumi. Nilikibonyeza kwa vidole, nikamwambia ni mafuta tu, aende nyumbani. Alirudi baada ya miezi miwili kivimbe kikiwa kimeshika misuli na kimechimbika katikati, na hapo nilikuwa sina la kumfanyia yule paka zaidi ya kumpunguzia maumivu. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu kivimbe ni kitu gani kwa kukigusa tu. Kidole hakioni seli.

Kwa paka jambo hili ni zito kuliko kwa mbwa. Mbwa mzee anaweza kuwa na vivimbe vitano mwilini na vyote visimdhuru. Paka hupata vifuko vya ngozi mara chache zaidi, na uvimbe wa ngozi wa paka una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa saratani kuliko wa mbwa. Zipo saratani zinazojificha vizuri sana: uvimbe wa seli za mlingoti (kwa Kiingereza mast cell, aina ya seli za kinga za mwili), kwa mfano, huweza kuvimba leo na kunywea kesho ukadhani umepona. Na uvimbe wowote unaweza kuoza katikati ukatoa uchafu, kwa hiyo hata ule uji alioutoa Bafta ni dalili nzuri, si hukumu.

Pia mahali kilipo panahusika, na hapo yule jirani wa pili hakusema jambo la ajabu. Ipo saratani ya paka, ya nadra, inayoota mahali palipochomwa sindano, na chanjo ndizo zinazotajwa zaidi. Mabega na katikati yake ndipo wengi wetu tulipozoea kuchoma. Inaweza kujitokeza baada ya miezi au hata miaka. Sisi madaktari tuna hesabu tunayoifuata kwa uvimbe wa mahali pa sindano: ukiwa bado upo miezi 3 baada ya chanjo, au umezidi sentimita 2, au bado unakua baada ya mwezi 1, tunakata kipande kidogo kukipima. Bafta alichomwa mwaka jana na kivimbe kinakua. Sikutishi, kinachoteleza na kutoa uji wa namna hiyo bado naegemea kuwa ni kifuko. Ila nisingelala usingizi mzuri bila kupima.

Na msomaji mwingine asichukue maneno haya akamnyima paka wake chanjo. Saratani hiyo ni nadra sana. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa paka wala kwa mtoto aliyeumwa naye. Kila mwaka karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure au kwa bei ndogo, mpelekeni. Andikeni tu tarehe na upande aliochomwa.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko unavyodhani, na yule daktari wa ng'ombe anakiweza. Usione haya. Alisomea wanyama wote, na mkono unaotoa damu kwenye shingo ya ndama hautashindwa na kivimbe cha paka. Anachohitaji ni sindano nyembamba, bomba, na vioo vya hadubini. Anachoma kivimbe, anavuta kidogo, anamwaga tone kwenye kioo, analitandaza na kuliacha likauke. Haihitaji nusu kaputi. Paka wengi husumbuka zaidi na kushikwa kuliko na kuchomwa. Kama hana rangi za kupakia wala hadubini, vioo vilivyokauka husafiri vizuri kwenye kiboksi bila barafu. Kule Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wataalamu wa kuvisoma, na Wakala ya Maabara ya Veterinari iko Temeke, Dar es Salaam. Mkumbushe tu asivifunge pamoja na chupa ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhia vipande vya nyama vya kupimwa, maana mvuke wake huharibu namna seli zinavyoshika rangi. Ikiwa ni kifuko, msomaji wa vioo ataona magamba ya ngozi iliyokufa na pengine vipande vya lehemu (kolesteroli) vilivyo kama vioo vilivyovunjika. Ikiwa ni kitu kingine, seli zitajieleza, au zitatuambia tunahitaji kukata kipande.

Nakuomba jambo moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote humu: asije mtu akakikata kivimbe hicho kukiondoa kabla hakijajulikana. Kama ni kifuko, daktari hukitoa kizima na ukuta wake, anashona, na habari inaisha. Kama ni ile saratani ya mahali pa sindano, huwa na mizizi inayotambaa mbali kuliko uvimbe unaoonekana, na daktari hulazimika kuchukua sentimita kadhaa za nyama nzima pembeni na chini yake. Ile operesheni ya kwanza ndiyo yenye nafasi nzuri kuliko zote. Ukichokonoa kwanza kisha ukarudi mara ya pili, mizizi imebaki na mipaka imepotea.

Kikithibitika kuwa ni kifuko kitupu na hakimsumbui, unaweza kukiacha na kukiangalia. Kwa kuwa chake kimeshapasuka mara moja, mimi ningekitoa, kwa sababu vya namna hiyo hurudia kupasuka. Atalazwa kwa nusu kaputi akiwa hajala tangu usiku, maji anaruhusiwa mpaka asubuhi isipokuwa daktari wake aseme vinginevyo. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na muda wote huo avae kola ili asizitafune. Ulimi wa paka una miba, unafumua mshono kwa jioni moja. Kilichotolewa kisitupwe. Kitiwe kwenye fomalini kipelekwe maabara, hata kama kila mtu ana uhakika ni kifuko.

Mpaka siku ya kwenda, punguza manyoya kuzunguka tundu kwa mkasi butu, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa nusu lita, mara mbili kwa siku, halafu kausha kwa kitambaa safi. Basi. Spiriti inaunguza. Dettol na dawa za jamii hiyo ni sumu kwake, kwa sababu atailamba yote. Oili chafu ya gari, ambayo nimeona ikipakwa kwenye vidonda vya mbwa na punda, usiiruhusu imkaribie. Vilevile dawa za kuogeshea ng'ombe na mbwa dhidi ya kupe: zenye permethrini humtia paka mtetemeko na degedege. Nzi wasipate tundu lile, la sivyo utakuta funza.

Nikishataja funza, kuna kivimbe kingine cha huku kwetu ambacho watu hukidhania jipu au kifuko. Ni cha yule nzi ambaye kwa ajili yake tunapiga pasi nguo zilizoanikwa nje. Hutaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye vitambaa vyenye unyevu, buu linaingia kwenye ngozi na kukua humo kwa siku kama nane hadi kumi na mbili. Ukiangalia kwa makini utaona tundu dogo katikati na kitu kinachezacheza. Tundu hufunikwa kwa mafuta mazito ya kujipaka ili buu likose hewa na lijitokeze, kisha litolewe zima kwa kibano. Cha Bafta kina miezi minne, kwa hiyo si hicho.

Wala si jipu la kupigana, ambalo ndilo uvimbe ninaoletewa mara nyingi kuliko wote. Jino la paka ni jembamba na refu, linapeleka uchafu chini kabisa kisha ngozi inajifunga juu yake. Baada ya siku mbili hadi tano panavimba, pana moto, paka amejikunyata, hataki kula. Joto la paka mzima ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. La huyu hufika 40. Huyo anapelekwa siku hiyohiyo, na kama aliyemuuma hajulikani, suala la kichaa cha mbwa litajwe kwa daktari.

Kwa Bafta, safari ya wiki hii inatosha. Isipokuwa ukiona kimekuwa chekundu na cha moto, kinatoa damu, kimeacha kuteleza na kimeshika chini, kimeongezeka ghafla, au amekataa chakula kwa siku nzima, hapo usingoje kesho. Paka asiyekula siku kadhaa, hasa mnene, ini lake hujaa mafuta na kushindwa kazi. Kwa paka wengine, kanuni ninayowapa watu ni kwamba kivimbe chochote kilichokaa mwezi mmoja, au kilichofika ukubwa wa sentimita moja, kichomwe sindano ya kipimo. Kivimbe kwenye chuchu hakisubiri hata mwezi huo, kwa sababu vingi kati ya hivyo kwa paka ni saratani. Cha kwenye kope nacho kipelekwe mapema kabla hakijakwaruza jicho.

Na kwa kuwa ni mweupe na anaishi Tanga, mtazame ncha za masikio na pua. Jua letu huunguza ngozi isiyo na rangi mwaka baada ya mwaka mpaka inazaa saratani, ambayo mwanzoni huonekana kama ukoko mwekundu usiopona na watu husema kakwaruzwa. Mweke ndani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Ukienda, mtie kwenye kikapu chenye kifuniko pamoja na kipande cha khanga yako aliyozoea kulalia. Chukua kadi ya chanjo. Pima kivimbe kwa tepu ya fundi cherehani leo na tena asubuhi ya safari, kipige picha tepu ikiwa pembeni, na umwonyeshe daktari namba zote mbili.