Ruhusa Kwanza: Kwa Wanafunzi wa Malindi Wanaotaka Kazi ya Usalama wa Mitandao

Kila nirudipo Malindi kwa likizo, hakosekani kijana aliyemaliza kidato cha nne wa kunijia barazani na kuniuliza atumie programu gani ili ajue kudukua. Swali hilo silidharau, kwa sababu nami nililiuliza nilipokuwa na umri wake, na udadisi huo huo ndio ulionifikisha kwenye kazi yangu ya sasa ya kuchunguza mifumo ya watu na kuwaonyesha penye mwanya kabla mwizi hajapaona. Hata hivyo, jibu langu huanzia kwingine. Mwenye nyumba hampi mtu ufunguo kwa kuwa anajua kufungua makufuli. Humpa kwa kuwa anamwamini.

Hilo nilifunzwa na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2019 nilikuwa nikifanya kazi katika saiba moja mjini, yaani duka la huduma za intaneti, nikiwajazia watu fomu za kodi za KRA na za mkopo wa masomo wa HELB. Siku moja mteja aliniomba nimchapishie risiti ya chumba alichokilipia katika hoteli moja ya ufukweni. Mwishoni mwa anwani ya ukurasa ule palikuwa na namba, nami nikaiongeza moja ili nione kutatokea nini. Ikafunguka risiti ya mtu mwingine kabisa, yenye jina lake, namba yake ya pasipoti na siku atakazolala hapo. Nikaongeza tena na tena, nikapitia zaidi ya arubaini, kisha nikachapisha chache na kwenda nazo hotelini nikiamini kwamba nitashukuriwa. Meneja aliniuliza jambo moja tu: ni nani aliyekuruhusu? Nilikosa la kumjibu. Alikwisha kuinua simu awaite polisi, na kama si mjomba wangu, aliyekuwa akiwauzia samaki kwa miaka mingi, kwenda kuniombea msamaha, sijui leo ningekuwa wapi.

Baadaye niliisoma Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, nikaona kwamba anayeingia katika mfumo bila idhini, kwa kukiuka ulinzi wake, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Nia njema haikupi ruhusa. Aidha, risiti moja ilitosha kuthibitisha kasoro. Zile nyingine zote zilikuwa siri za watu nilizozichungulia bila haja. Siku hizi sigusi mfumo wowote kabla ya kupewa barua iliyotiwa saini, inayotaja ni mfumo upi, kwa siku zipi, na mahali nisipopaswa kufika.

Tazameni pia kwamba kasoro ile sikuigundua kwa programu yoyote ya kidukuzi. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa za hoteli na kuzitoa, ilihakikisha tu kwamba risiti yenye namba ile ipo, haikuuliza anayeiomba ni nani. Shirika la OWASP, linaloshughulikia usalama wa programu, katika orodha yake ya mwaka 2021 ya hatari 10 kubwa za programu za wavuti, liliweka kasoro za jamii hii, yaani kushindwa kudhibiti nani anaruhusiwa kuona nini, katika nafasi ya kwanza. Ili uzitambue sharti ujue kivinjari kinavyozungumza na seva, na hilo halijulikani kwa kukariri amri za programu usizozielewa. Kwa hiyo anzeni na mitandao, kisha mfumo endeshi wa Linux, kisha lugha ya programu ya Python ya kuwatosha kuandika programu ndogo ndogo. Uwanja halali wa mazoezi upo, tena wa bure: mchezo wa Bandit wa OverTheWire utakufundisha Linux hatua kwa hatua, na picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilitengenezwa kwa kuwafikiria wanafunzi wa sekondari. Programu ya Wireshark nayo itakuonyesha data inavyopita mtandaoni, mradi uitumie kwenye mtandao wako mwenyewe.

Kuhusu vyeti sina mengi ya kusema. Cheti cha usalama cha Security+ kinaheshimika, shahada husaidia, lakini wenye diploma ninaofanya nao kazi hawapitwi na mtu.

Ninalolitilia mkazo zaidi ni kazi iliyo mbele ya macho yenu. Ingia saiba yoyote, ufungue folda ya Downloads: utakuta vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na PIN za KRA za watu waliokwisha kwenda zao, na pembeni ya kibodi daftari la nywila za wateja. Hizo ni amana za watu. Mwombe mwenye saiba, kwa adabu, akuruhusu kuweka utaratibu wa kufuta faili kila jioni, kusasisha kompyuta na kumwezesha mteja kuandika nywila yake mwenyewe. Mimi niliifanya kazi hiyo miezi miwili bila malipo, na katika usaili wangu wa kwanza niliulizwa habari zake kuliko kitu kingine chochote.

Tena yaandike uliyoyafanya, kwa lugha atakayoielewa mtu asiyejua kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka taasisi iliyovujiwa na taarifa za watu, pale uvujaji huo unapowatia hatarini, imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipofahamu. Katika saa hizo anayetafutwa ofisini ni yule anayeweza kueleza kwa kurasa mbili kilichotokea, walioathirika na hatua zilizochukuliwa. Mkija barazani likizo ijayo, nileteeni ripoti ya namna hiyo, hata kama ni ya kompyuta moja tu, tuisome pamoja.