Ukipangiwa chuo cha wananchi huku kusini, chagua siku moja

Wiki iliyopita kijana mmoja alinipigia simu. Amepata barua ya ajira, kapangiwa chuo cha maendeleo ya wananchi mkoani kwetu Mtwara, na mtu wa karibu yake kampa namba yangu. Alikuwa na maswali matatu: nyumba, maji, na la tatu akalisema kwa aibu kidogo, "Mwalimu, nataka nijitolee kwa jamii. Nianzie wapi?"

Mawili ya kwanza tuliyamaliza haraka. Nyumba ya kupanga haikosekani. Maji, kama unakwenda juu uwandani, Newala au Tandahimba, usisubiri kuuliza: ukifika nunua tangi, funga mfereji kwenye bati, mvua za Desemba mpaka Aprili zikukute tayari, maana kiangazi ndoo ya maji utainunua na utaiheshimu. La tatu lilimaliza dakika zangu zote na bado sikulijibu sawasawa. Ndiyo maana naandika.

Mdogo wangu, kwanza ujue unakwenda wapi. Vyuo hivi vilianza 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi alivyoviona Sweden. Havikujengwa kwa ajili ya waliofaulu tu. Utapata darasani kijana aliyeishia la saba, binti aliyekatishwa masomo kwa mimba na sasa anakuja na mtoto mgongoni, na baba wa watu mwenye mvi anayetaka kujua umeme wa nyumbani tu, basi. Wote hao wanakaa benchi moja. Chuo cha ualimu hakikuniandaa kwa benchi hilo, na sidhani kama wewe umeandaliwa.

Mimi nilifika 2008, mwalimu wa uashi. Siku ya kwanza ya karakana nikasema tofali zetu tutachanganya moja kwa sita. Nilimaanisha saruji moja kwa mchanga sita. Nikageuka kutafuta mwiko. Niliporudi, wanafunzi wawili walikuwa wanabishana: mmoja anasema moja ya mchanga kwa sita za saruji, mwingine anasema jumla ziwe sita. Hawakuwa wajinga. Mmoja wao mpaka leo anajenga Masasi na timazi yake haidanganyi. Ila hesabu za uwiano zilikuwa zimewapita shuleni kama basi la usiku.

Hapo ndipo moto uliponiwaka. Nikaanzisha masomo ya ziada ya hesabu, Jumatatu na Alhamisi jioni. Nikaanzisha kisomo cha akina mama wa kijijini, Jumatano. Nikawa kocha wa timu ya chuo. Nikaingia kamati ya kisima. Kijana mmoja alikwama ada nikamlipia kutoka mfukoni. Mwezi uliofuata walikuja tisa, na wote walikuwa na shida za kweli. Nikakopa kwa mwenye duka. Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, akawa ananiuliza swali moja kila usiku bila kupandisha sauti: "Leo nako ulikuwa wapi?"

Ilikuwa nguvu ya soda. Mwezi wa kumi korosho zikaanza kudondoka, watu wote wakahamia mashambani, madarasa yangu ya jioni yakabaki na watu wawili, mara mmoja, mara mimi na ubao. Nikaona nimedharauliwa. Nikaacha vyote kwa mpigo, wala sikumuaga mtu.

Pale chuoni palikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu, tuliyemwita Nang'olo, yaani mzee kwa Kimakonde. Alikuwa mtu wa kampeni. Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, yeye alikuwa kijana mdogo wa kubeba ubao. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya afya ya Mtu ni Afya, akawa kiongozi wa kikundi: watu wanakusanyika kwenye redio, wanasikiliza kipindi, wanajadiliana, halafu wanakwenda kuchimba choo. Alipenda kusema redio ilikuwa inaongea dakika chache na choo kinachimbwa wiki mbili, na kwamba kazi yake yeye ilikuwa ni hizo wiki mbili.

Wiki tatu baada ya mimi kuacha, Nang'olo alinikuta karakana akanipa daftari. Daftari la bibi mmoja wa kisomo changu, shikamoo yake, mama wa makamo ya mama yangu, aliyeanza bila kujua kushika penseli. Nikafungua. Ukurasa wa mwisho niliomfundisha ulikuwa umejaa herufi. Ukurasa uliofuata ulikuwa na neno moja juu, "Jumatano", limeandikwa kwa shida, na chini hakuna kitu. Ukurasa wa pili, "Jumatano". Wa tatu, "Jumatano". Alikuwa amekuja mara tatu, akakaa chini ya mkorosho pale tulipokuwa tunasomea, akaandika siku, akasubiri mpaka giza, akaondoka. Shamba lake lilikuwa na korosho chini kama la watu wengine. Alikuwa ameziacha.

Nang'olo hakunisema. Aliuliza tu, "Hizo siku zako zote, ipi unaweza kuishika hata ukiwa na homa?" Nikamwambia labda Jumatano. Akasema, "Basi hizo nyingine kawaombe watu radhi."

Nikaenda kuomba radhi. Kocha akapatikana mwingine, tena bora, mimi mpira naujua kwa kutazama. Kamati ya kisima hawakugundua kama sikuwepo. Jumatano nimeishika mpaka leo, ukitoa misiba, kuumwa na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoharibu barabara ya Dar es Salaam mimi nikiwa upande wa pili.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo: siku moja, kitu kimoja, na uwepo. Lakini kushika siku moja kuna ufundi wake, na huo ndio ambao simu haikutosha.

Kalenda kwanza. Huku mwaka hauendi kwa mihula, unaenda kwa mkorosho. Juni mpaka Agosti watu wanapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, wanarudi jioni macho mekundu. Usiweke kipindi cha kusoma maandishi madogo. Oktoba mpaka Desemba ni kuokota, kubangua kidogo za kula, kupeleka ghalani. Likizo za shule, hasa Desemba, kuna jando na unyago, na kungwi hawezi kuacha wari wake akaja kukusikiliza wewe na silabi zako. Mwezi wa Ramadhani, jioni si yako kabisa. Mimi siku hizi wakati wa kuokota korosho sifungi darasa, nalifupisha. Nusu saa. Mtu anakuja na kikapu, anaandika mistari mitano, anaondoka. Anayefundisha kwa kalenda ya wizara atakaa peke yake na atalalamika kwamba wananchi hawana mwamko. Nimeyasikia maneno hayo kwenye vikao miaka yote, na kila nikiyasikia najua msemaji alipanga kipindi chake mwezi wa kumi na moja saa tisa alasiri.

Halafu, fundisha wanachokuja nacho. Nilianza kisomo kwa a, e, i, o, u, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyoanza. Siku niliyorudi kumuomba radhi yule bibi, nilimuuliza anataka kujua nini hasa. Hakusema kusoma barua, wala Biblia wala msahafu. Alisema, "Mizani."

Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia huku msimu wa 2007/2008. Kabla ya hapo mtu anauza kwa mnunuzi, anapewa hela mkononi, na akipunjwa kwa kangomba, kile kipimo cha walanguzi, anajua kapunjwa na nani. Sasa unapeleka chama cha msingi cha ushirika, unapimiwa, unapewa karatasi, korosho inakwenda ghala kuu na mnadani, malipo yanakuja baadaye yakiwa yameshakatwa makato. Mfumo una faida zake, mimi si mpinzani. Lakini mtu asiyesoma kila kitu chake kimegeuka kuwa karatasi. Uso wa mizani, ile ya kuning'iniza iliyo kama saa, kwake ulikuwa ukuta.

Nikachukua msumari na kamba ya kujengea, nikachora duara kubwa ubaoni, kama tunavyopima shimo la kisima. Nikaweka namba za makumi, 10, 20, 30, halafu vimistari vidogo katikati. Vimistari ndivyo vilivyotutesa. Wiki nne tulikuwa kwenye vimistari tu. Nikitengeneza mshale kwa kipande cha boksi, nauzungusha, nauliza. Akina mama wakawa wanapiga kelele kama wako mpirani.

Msimu uliofuata yule bibi alipeleka gunia lake kwenye chama kimoja, sikitaji. Karani akatazama, akaandika 78. Bibi akamwambia, "Mwanangu, rudisha gunia juu." Karani akacheka, akamwita bibi kwa utani. Bibi hakucheka. Foleni nyuma yake ikatulia. Gunia likarudishwa, na watu watatu wakasogea kutazama mshale, wawili wao wa Jumatano yangu. Themanini na moja. Kilo tatu tu, unaweza kusema. Sijawahi kumuuliza kilo tatu zilimpa shilingi ngapi. Jumatano iliyofuata darasa lilikuwa na watu kumi na tisa, na kati yao wanaume sita, ambao mpaka hapo walikuwa wanasema kisomo ni mambo ya wanawake.

Siku hizi wanataka kusoma ujumbe wa malipo kwenye simu, na kujua ujumbe upi ni wa tapeli. Nimefuata huko huko. Ujumbe wa muamala una hesabu nzuri kuliko kitabu chochote: kiasi, makato, salio. Tunajumlisha, tunatoa, na ikigoma tunaitafuta.

La fedha. Usimkopeshe mwanafunzi na usimlipie ada kimya kimya. Najua moyo wako utauma. Mpeleke kwa mkuu wa chuo, muulizie nafasi ya ufadhili, mtafutie kibarua cha kupiga tofali siku za mapumziko, kaa naye aandike barua mwenyewe. Mimi nilikuwa nadhani kutoa hela ndiyo upendo wa haraka, kumbe ilikuwa njia ya haraka ya kumfanya kijana anikwepe njiani. Yule niliyemlipia ada tuliacha kusalimiana kwa mwaka mzima kwa sababu alikuwa anaona haya.

La milango, na hili nakuambia kama kaka. Wewe ni kijana, mwanamume, na darasa lako litakuwa na mabinti na wake za watu. Fundishia barazani au chini ya mti, mahali ambapo anayepita anakuona. Kajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kabla ya kuanza, na mkuu wako ajue kwa maandishi. Simu za usiku usipokee. Si kwamba nakushuku. Ni kwamba siku moja neno likitoka, hakuna atakayeuliza ulifundisha vizuri kiasi gani.

Na nyumbani kwako. Mke wangu aliacha lile swali lake nilipoanza kurudi Jumatano saa moja na nusu, kila Jumatano, na siku nyingine zote nikawa nyumbani jua likiwa bado lipo. Baadaye yeye mwenyewe akawa anakuja kufundisha akina mama hesabu za vitumbua: unga, mafuta, mkaa, faida. Sikumuomba. Aliniambia nilikuwa nawafundisha biashara kama mtu ambaye hajawahi kuuza hata karanga, na alikuwa sahihi.

Nang'olo alistaafu, yuko shambani kwake, anakula ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, na kulalamika kwamba siku hizi haina ladha. Nikienda kumsalimia haniulizi habari za chuo. Anauliza Jumatano ilikuwa na watu wangapi. Nikimwambia watatu, anasema "Vizuri." Nikimwambia thelathini, anasema "Vizuri," kwa sauti ile ile.

Kijana wangu, ukifika nipigie. Lakini usinipigie Jumatano jioni. Na ukiweza kupita Mtwara mjini kabla ya kupanda juu, niletee boksi mbili za chaki, zile zisizovunjika, kwa sababu dukani kwetu wanauza zinazogeuka unga ukizigusa, na bibi haandiki na vipande.