Alirudi, lakini hakumrejea

Swali lenu la wiki, "Mtu akitoka safari, amerudi au amerejea?", limenigusa pabaya.

Nimekulia Pangani. Shangazi yangu alipewa talaka moja, akaja kwa babu kukaa eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka. Talaka moja ni talaka rejea: twahara tatu za eda (vipindi vya usafi kati ya hedhi na hedhi) zisipokwisha, mume anaweza kumrejea mkewe bila ndoa mpya wala mahari mapya. Zikiwa zimebaki siku chache, mumewe akavuka na pantoni kutoka Bweni. Mimi nilikuwa barazani, ungo mapajani, nachambua mchele.

"Shikamoo, baba. Nimerudi."

"Marahaba. Kurudi tumekuona umerudi. Mkeo umemrejea?"

Akanyamaza. Akavua kofia, akawa anaizungusha mikononi. Shangazi alikuwa nyuma ya pazia, hakukohoa, hakusogea. Bibi akaleta kahawa, yule bwana akanywa vikombe viwili.

"Si ndiyo nimekuja, baba."

"Kuja sikukatalii. Sema 'nimemrejea mke wangu', tusikie."

Akasema atakuja Ijumaa. Ijumaa pantoni ilivusha watu, yeye hamna. Eda ikaisha.

Ndiyo maana siku zote nimeshikilia kwamba haya ni maneno mawili. Anayerudi anaweza kurudi peke yake. Mume akisema "nimekurejea", mke naye yumo, amerudi ndoani. Jaribuni kumwambia mtu "nimekurudi": hapo umemkanya, kama mzazi anavyomrudi mwanawe.

Lakini naandika huku naona jambo. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na kwa fiqhi yetu ya Kishafii, yaani sheria ya dini tunayoifuata, mume akisema "nimekurudisha kwangu", rejea imeswihi. Babu angeipokea. Basi yule bwana hakukosa neno. Alitajiwa, akaambiwa aseme, hakusema. Miaka yote hii nimelilaumu neno "nimerudi" kwa kosa lisilo lake.

Kwa hiyo msafiri mwandikieni lolote. Redioni kiongozi "amerejea nchini", nyumbani baba "karudi", na hakuna aliyekosea. Ila kwenye talaka, na kwenye msiba tunaposema "na kwake tutarejea", mimi "kurudi" siwezi kuliweka. Pengine ni mazoea ya masikio yangu tu. Waliokulia kwingine watasema yao.